Wainka kwa watoto wa darasa la tatu: anza na kiazi, dhahabu itasubiri

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tatu huko Makete, mkoani Njombe. Mwezi wa sita nina vipindi sita vya kuwaeleza wanafunzi kuhusu Amerika Kusini, na mwalimu mkuu amependekeza niwafundishe habari za Wainka pamoja na mazingira ya bara lao. Nina ramani ya dunia ya ukutani, ubao na chaki. Projekta hatuna. Watoto wana miaka minane hadi kumi na hawajawahi kusikia neno Inka. Nianzie wapi, na nifanye nini nisiwachoshe kwa majina ya wafalme?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Una bahati ambayo mwalimu wa Dar es Salaam hana. Wanafunzi wako wanaijua baridi ya mlimani, wanalima viazi nyumbani, na asubuhi za Juni wamekwisha kuona majani yameganda meupe kabla jua halijapanda. Mtoto mwenye mambo hayo matatu kichwani ameshaelewa nusu ya maisha ya Wainka. Kazi yako ni kumwonyesha kwamba ameelewa.

Vitabu vingi vya watoto huanza na dhahabu, au na picha ya Machu Picchu, mji wa mawe wa Wainka ulioko mlimani, kwenye ukungu. Mimi sikushauri. Ukianza na dhahabu, mtoto atakumbuka hazina na waporaji wake, kisha basi. Wainka, watu waliojenga dola kubwa kwenye milima ya Andes huko Amerika Kusini, walikuwa wakulima na wafugaji, na kila walichokijenga, kuanzia barabara, maghala, ngazi za mashamba hadi madaraja, kilitokana na swali moja gumu: watu wengi watakulaje na kusafirije kwenye milima mirefu kiasi kile? Kwa hiyo mazingira na watu usivitenge kuwa masomo mawili. Fundisha mlima, na Wainka watatokea humo humo.

Siku ya kwanza ingia darasani na kiazi mviringo mkononi. Waulize kimetoka wapi. Watasema shambani, watasema Kitulo, mmoja atasema Ulaya kwa kuwa wapo wanaokiita kiazi ulaya. Hapo uende kwenye ramani. Kiazi hiki kilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita kwenye milima ya Andes, karibu na ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia. Muda mrefu kabla ya dola ya Wainka, wakulima wa huko walikuwa wanachagua mbegu, na hadi leo milima hiyo ina maelfu ya aina za viazi: vya zambarau, vyekundu, vya njano, vyenye mabonde kama vidole vilivyokunjwa. Mjini Lima kipo Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, kinachotunza aina hizo zisipotee. Kina ofisi Nairobi pia.

Watoto watapenda kujua ni vyakula gani vingine vilivyovuka bahari. Muhogo, karanga, nanasi na korosho asili yake ni Amerika Kusini, na vingi vilifika Afrika kwa meli za Wareno. Lakini kuwa mwangalifu: usiwaambie kwamba vyote ni vya Wainka. Mkorosho ni wa Brazili, mbali sana na Andes. Mahindi yalianzia Meksiko, yakasambaa kusini, na Wainka wakayapenda kupita kiasi. Bara ni kubwa, na Wainka walikaa upande mmoja tu wa bara hilo. Mtoto akilipata hilo siku ya kwanza, utakuwa umezuia makosa mengi ya baadaye.

Sasa mlima. Chora ubaoni mstari unaoanza kushoto usawa wa bahari, unapanda mpaka juu kabisa, kisha unashuka kulia. Huo ndio mkato wa Andes kutoka Bahari ya Pasifiki kwenda msitu wa Amazon. Milima hii ina urefu wa kilomita zipatazo 7,000 kutoka Venezuela hadi kusini mwa Chile; kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua kilichoko Ajentina, kina mita 6,961. Kilimanjaro ni mita 5,895. Cusco, mji mkuu wa Wainka, uko kwenye mita 3,400 hivi, juu kuliko Kitulo, na watu wanaishi pale mpaka leo, wana masoko na wana timu ya mpira.

Jaza mchoro huo hatua kwa hatua, watoto wakikusaidia kukisia. Pwani ni jangwa, jambo litakalowashangaza: mkondo wa maji baridi unaoitwa Humboldt hupoza hewa, mvua hainyeshi, lakini bahari imejaa samaki, na ndege wa baharini huacha kwenye visiwa vinyesi ambavyo wakulima walivitumia kama mbolea. Mabonde ya chini yenye joto yanazaa pilipili, pamba na matunda. Kutoka mita 2,300 hadi 3,500 hivi ni nchi ya mahindi. Juu ya hapo mahindi yanashindwa, viazi na kwinoa, mmea wa mbegu ndogo zinazoliwa kama nafaka, vinachukua nafasi. Ukipita mita 4,000 hakuna kilimo cha maana, ni nyasi kavu na baridi, na hapo ndipo wanapoishi lama na alpaka. Kisha theluji. Ukivuka, upande wa mashariki mlima unashuka kwenye msitu mnene, wenye joto na unyevu, ambako maji yote yanaelekea mto Amazon.

Hapa ndipo unapoweza kuwauliza watoto wa Makete swali zuri: mpunga mnaokula unatoka wapi? Kutoka Usangu, bondeni. Na wa Usangu viazi wanatoa wapi? Huku juu. Watu wa Andes walifanya hivyo hivyo, ila wao hawakutegemea sana soko wala fedha. Ukoo mmoja ulituma baadhi ya familia zake zikae chini zilime mahindi, nyingine zibaki juu na viazi, nyingine zichunge mifugo kwenye nyasi, na mazao yakagawanywa ndani ya ukoo. Mwanaanthropolojia John Murra aliandika sana juu ya mpango huu. Wainka waliukuta, wakaupanua ukawa mpango wa dola nzima: watu hawakulipa kodi ya fedha, walilipa kwa zamu za kazi, na mavuno yakajaza maghala yaliyojengwa kwenye miteremko yenye upepo wa baridi ili chakula kisioze. Wanafunzi wako wanaujua msaragambo. Waeleze kuwa hii ilikuwa kazi ya pamoja ya lazima, iliyopangwa na serikali, na wafanyakazi walilishwa.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Peru iko kusini mwa Ikweta, kama Tanzania. Juni na Julai, mnapojifunika mablanketi Makete, ndiyo miezi ya baridi kali Andes. Familia za huko hutandaza viazi juu ya nyasi jioni. Usiku baridi inavigandisha, mchana jua kali la mlimani linaviyeyusha. Wanarudia hivyo siku kadhaa, halafu wanavikanyaga kwa miguu kukamua maji, kisha wanavikausha. Matokeo ni chunyo, viazi vyepesi na vigumu vinavyoweza kukaa ghalani kwa miaka bila kuharibika. Aina chungu za viazi, ambazo mtu hawezi kuzila hivi hivi, hupoteza uchungu kwa njia hii. Majeshi na wajenzi wa Wainka walikula chunyo.

Kwa kuwa vipindi vyako ni Juni, jaribuni. Kabla ya usiku unaotarajiwa kuwa na baridi kali, tandazeni viazi vidogo nje mahali pa wazi, asubuhi watoto wavibonyeze waone vilivyolegea na maji yanavyotoka. Huenda baridi yenu isifike ile ya Andes na vikaganda nusunusu. Hata hivyo wataona kanuni. Msivile, ni vya kuangalia tu, na wanawe mikono baadaye.

Kuhusu wanyama, walimu wengi huwapa watoto orodha ya wanyama ishirini, na kesho yake hawakumbuki hata watano. Rudi kwenye mchoro wako wa mlima, weka mnyama mmoja au wawili kila hatua. Juu angani kondori, aina ya tumbusi ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanaweza kupita mita tatu. Darasani pimeni mita tatu sakafuni kwa rula, watoto walale mmoja baada ya mwingine waone wangapi wanaijaza. Kwenye nyasi za juu wako lama na alpaka, jamaa wa ngamia wasio na nundu. Lama hubeba kilo 25 hadi 30, na akizidishiwa anakaa chini anagoma. Karibu nao yuko vikunya, mnyamapori mdogo wa ukoo huo huo mwenye sufu laini ajabu: Wainka waliwazingira kwa msururu mrefu wa watu walioshikana mikono, wakawanyoa, wakawaachia, na desturi hiyo bado ipo vijijini Peru. Kwenye misitu ya mteremko yuko dubu mwenye mabaka meupe kuzunguka macho, dubu pekee wa bara zima. Chini, msituni, jagwa ambaye ni paka mkubwa kama chui, anakonda ambaye ni nyoka mkubwa, na pomboo wa mtoni ambaye rangi yake ni ya waridi. Huyo wa mwisho hawatamsahau.

Watoto watauliza simba na tembo wako wapi. Hawako. Katika nchi kavu mnyama mkubwa wa asili wa bara lile ni tapiri, mla majani mwenye pua ndefu kiasi, na hafikii hata nyati. Watauliza pia kama kuna chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Kuna ndege wa aina nyingine kabisa anayefanya kazi hiyo hiyo, mdogo zaidi, anayepiga mabawa kwa kasi mpaka anasimama hewani. Anaishi mabara ya Amerika tu. Na kama kuna mwanafunzi ambaye kwao wanafuga simbilisi, mwache azungumze yeye: simbilisi walifugwa kwanza Andes, wakiwa kitoweo cha nyumbani, na mpaka leo ni kitoweo huko.

Usiuache mti mmoja: mkwinini. Unaota kwenye miteremko yenye unyevu ya Andes, na gome lake ndilo lililotoa kwinini, dawa iliyotibu malaria kwa karne nyingi. Mti huo ulipelekwa kupandwa mbali, hata Amani kwenye milima ya Usambara na huko Kivu nchini Kongo. Umechorwa kwenye nembo ya taifa ya Peru, pamoja na vikunya, kwa hiyo watoto wakiichora nembo hiyo wanachora mambo mawili waliyokwisha kujifunza.

Sasa hesabu. Wainka hawakuwa na maandishi kama yetu, ila walikuwa na kipu: uzi mmoja mnene uliolazwa, na nyuzi nyingine zinazoning'inia, zimefungwa mafundo. Walihesabu kwa makumi kama sisi. Mafundo ya chini ya uzi ni mamoja, ya juu yake makumi, ya juu zaidi mamia. Kwa makumi na mamia walifunga mafundo ya kawaida. Kwa mamoja, kuanzia mbili hadi tisa, walifunga fundo refu, uzi ukizungushwa mara kadhaa kabla ya kukazwa, na idadi ya mizunguko ndiyo tarakimu. Kwa moja walikuwa na fundo la namna yake. Hivyo 43 ni mafundo manne ya kawaida, kisha chini yake fundo refu la mizunguko mitatu. Na 205 ni mafundo mawili juu, nafasi tupu katikati, fundo la mizunguko mitano chini. Ile nafasi tupu ndiyo sifuri. Nimeona watoto waliosumbuka na sifuri ya katikati kwenye daftari wakaielewa kwa kidole, wakipapasa uzi na kukuta hakuna kitu.

Kila mtoto afunge kipu cha nyumbani kwao: kuku wangapi, watu wangapi, magunia mangapi ya viazi. Kisha wabadilishane, mmoja asome cha mwenzake. Kwenye baadhi ya kipu za kale kuna uzi wa jumla unaojumlisha nyuzi nyingine, kwa hiyo unaweza kuwapa zoezi la kujumlisha bila kuandika hata namba moja. Wasimamizi wa kipu walihesabu watu, mifugo na mazao ya dola iliyoenea kilomita zipatazo 4,000 kutoka kaskazini hadi kusini. Zipo pia kipu ambazo wataalamu wanaamini zilibeba habari zisizo hesabu, nazo hazijasomwa hadi leo. Waambie hivyo. Mtoto akijua kuna fumbo ambalo watu wazima hawajalifumbua, anakaa wima.

Barabara na wakimbiaji utaweza kuzifundisha uwanjani. Mtandao wa njia za Wainka, Qhapaq Ñan, ulifikia kilomita 30,000 hivi, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Hawakuwa na farasi wala mikokoteni ya magurudumu. Ujumbe ulipelekwa na vijana walioitwa chaski, kila mmoja akikimbia kipande chake kisha akimkabidhi mwenzake anayemngoja. Panga watoto kuzunguka uwanja, mpe wa kwanza kipu yenye namba na sentensi moja ya kukariri. Wa mwisho akifika, asome namba na aseme sentensi. Sentensi itafika imegeuka, namba itafika salama. Waulize kwa nini.

Kisha daraja. Juu ya mto Apurímac, mkoani Cusco, lipo daraja la Q'eswachaka, lililosokotwa kwa nyasi, lenye urefu wa mita zipatazo 28. Kila mwaka mwezi wa Juni jamii nne za jirani hukutana na kulisuka upya: kila familia inaleta kamba zake nyembamba, nyembamba zinasokotwa kuwa nene, nene zinasukwa kuwa nene zaidi, mpaka zinabeba watu. Janga la korona liliwazuia kulifanyia kazi, daraja likakatika mwaka 2021, na mwaka huo huo wakalijenga tena. Watoto wako wanajua kusokota kamba. Waache wajaribu kukata jani moja, kisha kamba ya majani matatu, kisha kamba tatu zilizosukwa pamoja. Na waonyeshe kwenye ramani kwamba maji yanayopita chini ya daraja lile ni sehemu ya vyanzo vya Amazon, yatatembea bara zima mpaka Atlantiki.

Makosa ya kuepuka ni machache lakini yamezagaa. Wainka si Wamaya wala Waazteki. Hao walikuwa Meksiko na nchi za jirani, mbali kaskazini. Watu wa msituni Amazon nao ni mataifa mengine. Usiwavike watoto manyoya kichwani na kuwaambia "leo sisi ni Wainka". Na usiseme kwamba Wainka walitoweka. Dola ilianguka, watu wapo: mamilioni huko Peru, Bolivia na Ekwado wanazungumza Kikechua, wanalima viazi vile vile, wanatumia simu, watoto wao wanakwenda shule. Hata Machu Picchu, ambayo vitabu husema "iligunduliwa" na Mmarekani Hiram Bingham mwaka 1911, Bingham alikuta familia za wakulima zikilima kwenye ngazi zake, na mtoto wa mahali pale ndiye aliyemwongoza kuzitazama kuta.

Mwisho wa dola hiyo nao watoto wanaweza kuusikia, kwa ufupi na kwa ukweli. Wainka wenyewe walikuwa wametawala majirani zao, wengine kwa vita, katika muda usiofika miaka 100. Halafu ndui iliyoletwa na Wahispania ikawatangulia na kuua wengi, ndugu wawili Huascar na Atahualpa wakapigania utawala, na mwaka 1532 Mhispania Francisco Pizarro akiwa na watu wasiofika 200 akamkamata Atahualpa kwa hila mjini Cajamarca. Atahualpa aliahidi kujaza chumba dhahabu ili aachiwe. Dhahabu ililetwa, na mwaka 1533 wakamuua. Baadhi ya mataifa yaliyokuwa chini ya Wainka yaliungana na Wahispania, na bila msaada wao Pizarro asingefika mbali. Mapambano yaliendelea Vilcabamba, ngome ya mwisho ya Wainka, mpaka 1572. Ukiwa na mstari wa wakati ukutani, weka pembeni yake mwaka 1505, Wareno walipoishambulia Kilwa na Mombasa. Watoto wataona kwamba ni zama zile zile, na meli za namna ile ile.

Kuhusu watoto waliotolewa kafara juu ya milima, mimi nisingelileta jambo hilo kwa wanafunzi wa miaka minane. Mtoto akiuliza kwa sababu amesikia mahali, mjibu kwa kifupi kwamba ni kweli lilifanyika, liliambatana na imani zao za dini, na utalieleza vizuri akikua. Usimkatalie.

Vipindi sita vinatosha. Kiazi na ramani kimoja, mlima na wanyama viwili, kipu kimoja kizima, barabara na daraja uwanjani kimoja, na cha mwisho watu wa leo pamoja na kuanguka kwa dola. Majina ya wafalme: mawili yanatosha, Pachacuti aliyeanza kuipanua nchi katikati ya miaka ya 1400, na Atahualpa. Muda ukikubana, ruka Machu Picchu, lakini kipu usiikate, na viazi vya kugandisha vitandazeni mapema, kwa kuwa baridi haifuati ratiba ya shule.